Misumari ya Dirishani Kabiria

Mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi na tatu, bwela, tangi la kiwandani la kuchemshia mvuke, ilimchoma baba yangu mikono yote miwili. Shida yetu ilianza siku hiyo. Baba alikuwa akiwasha moto wa bwela katika kiwanda kidogo cha maziwa huko kwetu magharibi, na bomba moja la ndani lilikuwa limeliwa na kutu mpaka likabaki jembamba kama karatasi ya kufungia sukari. Likaachia. Mikono ilipona, lakini vidole havikukunjika tena, na mtu asiyekunja vidole hapewi sepetu. Nikaacha shule darasa la tano, nikaja Nairobi kwa baba mdogo aliyekuwa akiishi Kawangware.

Kwa hivyo mtu akiniambia kutu ni uchafu tu wa chuma, mimi humweleza habari ya vidole vya baba.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi hii ya kupika dawa ya kuzuia kutu. Mmeniuliza mambo kwa simu, na mimi kwa simu siongei mambo ya maana. Cheti sina hata kimoja. Ukiona nimeandika vibaya mahali, nenda kwanza ujenge nyumba, halafu urudi unisahihishe. Lakini dawa hii naijua, na mwanamke aliyenifundisha namjua zaidi, na ndiye hasa ninayetaka kuwaambia habari zake.

Jina lake Madam Nyambura. Nilikutana naye nikiwa fundi wa kuziba rejeta za magari karibu na Adams Arcade. Alikuja na pikapu kuukuu, mama mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nilipofungua rejeta, maji yakamwagika mekundu kama barabara ya Kabiria wakati wa mvua.

Akainama akayatazama. "Haya maji unayaonaje?"

"Naona yamekula, Madam."

"Yamekula nini?"

"Yamekula rejeta yako. Na bado yana njaa."

Akacheka mpaka miwani ikateleza. "Wewe unaitwa nani?"

"Barasa."

"Barasa, kesho uje Kabiria. Uliza karakana ya Nyambura."

"Kuna chai?"

"Kuna chai na mandazi. Kazi ndiyo nyingi."

Nilienda kwa ajili ya mandazi, nisiwadanganye. Nikakaa mpaka mvi zikanijaa.

Huyu mama alikuwa amesoma kemia mpaka vitabu vikaisha. Alikuwa ameajiriwa kwenye kampuni kubwa, ana meza yake na mtu wa kumletea chai, akaacha. Akakodi godauni Kabiria, akanunua sufuria kubwa za chuma kisichoshika kutu, akaajiri watu wanaoweza kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nimefanya kazi na wasomi wengi tangu hapo, na wengi ni watu wa maana kabisa. Lakini msomi anayekufundisha bila kukufanya ujione mdogo nimemwona mmoja tu.

Siku ya kwanza alinipa kijiko cha unga mweupe, mwepesi, unaometameta kama magamba ya samaki mdogo. "Hii ni asidi," akasema. Nikarudi nyuma, maana asidi niliyoijua mimi ni ya betri, ile inayotoboa suruali. Akasema hapana, hii ni ya ukoo mwingine. Zamani watu waliitoa kwenye utomvu wa miti. Jina lake asidi ya benzoiki. Ukiikutanisha na soda, ule unga wa kiwandani na si kinywaji, kwenye maji ya moto, asidi inaacha ukali wake, soda inaacha wake, na kinachobaki ni chumvi. Si chumvi ya mboga. Ukiitia chumvi hii kwenye maji yanayozunguka ndani ya mabomba, inaukalia uso wa chuma kama ngozi nyembamba isiyoonekana, na maji yanakosa pa kuuma.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo ni kama kumpaka mtoto mafuta kabla hajaenda shule?"

Akafikiria. Hakucheka. Akasema, "Kama mafuta yenyewe yangekuwa yanajipaka upya kila yanapofutika, ndiyo." Halafu akaiandika ubaoni ile hesabu ya herufi na namba, akanionyesha kila herufi ni nini, mimi mtu wa darasa la tano. Nilitoka pale natembea kama nimepewa cheo.

Sasa sikilizeni jinsi ya kupika, maana siku hizi mna mashine za kupima kila kitu na mnadhani mashine ndiyo inapika.

Maji kwanza, na yawe ya mvua au yaliyosafishwa. Maji ya kisima cha Nairobi yana mambo yake, yaacheni. Yapate moto lakini yasichemke kwa fujo. Soda iingie, ikorogwe mpaka iyeyuke yote. Halafu ndipo asidi, kidogo kidogo. Kidogo kidogo nikisema sina maana ya gunia polepole. Nina maana ya kikombe, unakoroga, unangoja povu lishuke, ndipo unatia kingine. Asidi ikikutana na soda inatoa hewa, na hewa hiyo lazima ipite mahali. Usiinamishe uso juu ya sufuria, mvuke wake unakamata koo. Na funga kitambaa puani unapofungua gunia, la sivyo utapiga chafya mpaka usahau kilichokuleta.

Utajuaje asidi imekwisha kazi yake? Karatasi ya kupimia itakuambia, na mashine yenu pia. Lakini chota kijiko kimoja, mimina kwenye sahani baridi, ngoja. Vikielea vipande vyeupe kama magamba, kuna asidi iliyobaki, ongeza soda kidogo. Ikikaa safi kama maji ya mto wa juu mlimani, umefika. Usizidishe soda pia, kwa sababu kuna madini mengine ndani ya mabomba, shaba na bati la kuungia, na hayo hayapendi soda kali.

Nitriti, ile dawa ya pili inayosaidia chuma cha kusubu, kile cha kumiminwa kwenye kalibu, huingia mwisho kabisa, asidi ikiwa imeshakwisha. Ukiitia mapema utaona moshi wa kahawia, na ukiuona moshi huo acha sufuria ukimbie nje. Usirudi kuchukua koti.

Hayo yote nilifundishwa kwa maneno. La kidogo kidogo tulifundishwa na viatu vya Kinuthia.

Kinuthia alikuwa shemeji yake Madam, ndiye aliyetafuta wateja na kununua vitu. Mtu mzuri, mdomo mtamu, viatu daima vinang'aa. Siku moja alikuta tunapika, akaona tunachelewa na mteja anangoja. "Mnatia asidi kama mnalisha kuku," akasema. Akanyanyua gunia lililobaki nusu akamwaga lote. Povu likapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, likavuka ukingo, likateremka mguu wa meko, likavifunika vile viatu vyake. Akaruka juu ya debe. Povu likaendelea kuja.

Auma, aliyekuwa akiosha mapipa na kufunga mizigo, alikuwa na ulimi ambao sijawahi kuona mwenzake. "Shemeji," akamwambia, "shuka tu, ni maji ya ubatizo hayo."

"Auma, nitoe hapa!"

"Ngoja kwanza uokoke."

Tangu siku hiyo Madam aliweka utaratibu. Auma alikuwa mwimbaji wa kanisa, sauti yake ilifika barabarani. Madam akasema asidi itaingia kwa wimbo. Auma anaimba ubeti mzima, sisi tunakoroga. Akifika kwenye pambio, kikombe kimoja. Ubeti tena, koroga. Watu waliopita nje walidhani ni kanisa, na kuna mama mmoja aliingia siku moja na Biblia yake, akakaa. Hatukumtoa. Alikunywa chai akaenda. Mnacheka, lakini sufuria haikufurika tena.

Na misumari. Kila pishi lilipotoka, Madam alichukua chupa ya jemu, akatia dawa iliyochanganywa na maji vilevile mteja atakavyoichanganya. Akasugua msumari wa kawaida kwa msasa mpaka ukang'aa, akautumbukiza. Asitumie mtu msumari wa mabati, huo tayari umevalishwa koti. Chupa ikawekwa dirishani, dirisha la upande wa barabara, ikiwa na karatasi inayosema ni pishi gani. Zilipangwa hapo mstari mzima, na misumari ndani inameta. Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua sweta, Madam alipita mbele ya dirisha akiitazama mmoja mmoja kama mwalimu anayekagua kucha.

Basi sasa niwaambie habari ya Upper Hill.

Kuna wakati biashara ilikauka. Wateja wadogo walihama mmoja baada ya mwingine, na mwenye godauni alikuwa ameanza kuleta watu wa kuliangalia, wanapima kuta kwa macho sisi tukiwa ndani tunapika. Kinuthia akafanya kazi ya kiume, akatupatia nafasi kwenye jengo moja refu la ofisi Upper Hill. Jengo lilikuwa na mabomba ya maji baridi yanayozunguka ghorofa zote kwa ajili ya kupoza hewa, na kutu ilikuwa inayala. Injinia wa jengo, Mutiso, alisema atatujaribu. Ataning'iniza vibanzi vya chuma ndani ya maji yenye dawa yetu, na baada ya msimu atavitoa avitazame. Vikiwa safi, kazi ya jengo ni yetu, na ya majengo mengine aliyokuwa akiyasimamia. Vikiwa vimeliwa, hataki kutuona.

Hatukuwa na mteja mwingine wa kutuweka mjini. Tukikosa hilo, sufuria zinauzwa na mimi narudi kuziba rejeta na watoto watatu wanaosoma. Kila mtu pale alijua hivyo.

Soda ya kiwandani ikaadimika wiki hiyohiyo. Kila duka tuliloenda, hakuna. Kinuthia akatoweka asubuhi, mchana akarudi na mkokoteni, juu yake magunia.

"Madam, nimepata."

Madam akafungua gunia, akashika konzi. "Kinuthia, hii ni magadi."

"Ni magadi meupe, yaliyosafishwa. Si soda ni soda? Mama yangu anapikia githeri nayo, mahindi yanalainika kama mkate."

Auma akasema kutoka kwenye mapipa, "Basi tuwapelekee githeri hukohuko Upper Hill."

Madam hakukubali papo hapo. Aliyeyusha kidogo, akapima nguvu yake dhidi ya asidi, akapima tena. Nguvu ilikuwepo. Akaichuja mara mbili kwa kitambaa mpaka maji yakawa safi. Mutiso alikuwa amepiga simu akiuliza mzigo uko wapi. Madam akasimama pale na kalamu mkononi, halafu akasema, "Pikeni." Tukapika. Auma akaimba. Pishi likatoka safi, sahani baridi ikakubali, karatasi ikakubali. Mapipa yakaenda Upper Hill, dawa ikaingia kwenye mabomba, vibanzi vikaning'inizwa. Chupa ya pishi hilo ikapangwa mwisho wa mstari.

Wiki chache baadaye nilikuwa nafagia, asubuhi. Madam akaingia na kikombe chake cha chai, akaanza kupita mbele ya dirisha kama kawaida. Akafika mwisho. Akakiweka kikombe chini, hajanywa.

"Barasa. Njoo."

Chini ya kichwa cha ule msumari palikuwa na alama mbili za rangi ya kahawia, ndogo, kama zilizochorwa kwa kalamu. Nikasema labda ni uchafu. Akatoa msumari akaupangusa kwa kidole. Zile alama hazikutoka. Zilikuwa vishimo.

Akaurudisha msumari chupani, chupa dirishani. Halafu akachukua magadi yaliyobaki, akayeyusha kidogo kwenye glasi, akayaua kwa asidi nyingine mpaka yakaacha kutoa mapovu, akatonesha dawa fulani ya madini ya fedha aliyokuwa akiiweka kwenye chupa nyeusi. Tone moja. Glasi ikawa nyeupe kama maziwa.

"Chumvi," akasema. "Ile ya mboga. Magadi yanatoka ziwani, na ziwa lina chumvi. Hiyo ndiyo inayochimba chuma." Akavua miwani. "Nilipima nguvu ya soda nikaridhika. Sikupima kilichokuja pamoja nayo. Nilikuwa na haraka."

Kinuthia alikuwa amesimama mlangoni. Uso ulimshuka. "Ni mimi niliyenunua."

"Ulinunua. Mimi ndiye niliyesema pikeni."

Nataka mkumbuke maneno hayo, kwa sababu nimekaa kwenye karakana nyingine nikasikia mabosi wakisema maneno mengine.

Kinuthia akafunga mlango. Akaongea kwa sauti ya chini, na sikuona ubaya wake wakati ule, nilikuwa naogopa kama yeye. "Madam, sikiza. Vibanzi havijatolewa. Twende kama tunakagua tu, tuongeze nitriti, tuzidishe dawa. Inaweza kushika. Nani atajua?"

"Inaweza kushika," Madam akasema. "Na inaweza kutoshika. Mabomba yale yanapita juu ya vichwa vya watu."

"Tukimwambia, tumekwisha. Unajua tumekwisha?"

"Najua."

"Barasa ana watoto. Auma ana mama mgonjwa. Mimi..."

"Kinuthia, najua nani ana nini."

Nikafikiria mikono ya baba. Kuna mtu aliyejua lile bomba limeliwa, lazima alikuwepo. Mtu aliligonga siku moja akasikia sauti mbaya, akasema litashika. Nilitaka kusema hivyo. Nikachukua ile chupa dirishani, nikaifunga kifuniko, nikamnyooshea Madam. Akaipokea akaitia kwenye mkoba wake, akaniambia, "Vaa shati safi, twende."

Ofisi ya Mutiso ilikuwa chini kabisa ya lile jengo, kelele za pampu kila upande. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, haketi. Madam akatoa chupa akaiweka mezani mbele yake.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo iliyo ndani ya mabomba yako."

Akaishika, akaigeuza kwenye mwanga. Akaona. Shingo ikamvimba. "Mama, unaniletea ugonjwa kwa chupa?"

"Nakuletea mapema kabla haujaingia mwilini. Soda niliyotumia ilikuwa na chumvi. Kosa ni langu. Nataka kuyatoa maji yote, kuyasuuza mabomba, na kutia dawa mpya. Kazi nitafanya mimi na watu wangu."

"Na ningekuwa sijui? Ningevitoa vibanzi vimeliwa, ungesema nini?"

"Ningesema hayohayo, lakini ungekuwa umechelewa."

Akazungukazunguka. Nikahesabu tumekwisha, nikaanza kufikiria ni nani pale Adams Arcade bado ananikumbuka. Halafu akacheka, si kwa furaha, ni kama mtu aliyegongwa kiwiko.

"Waliokuja kabla yenu," akasema, "mabomba yaliponiozea waliniambia ni maji ya kanjo, haya ya halmashauri ya jiji. Waliowatangulia hao wakasema ni chuma cha siku hizi. Mmoja akaniambia ni jua." Akaiweka chupa chini. "Jumamosi jengo limefungwa. Njooni Jumamosi. Mkichelewa hata kidogo, msije tena maisha yenu yote."

Tulipotoka nje Madam aliketi kwenye ukingo wa maua, mbele ya watu wenye tai wanaopita, akapumua. "Barasa," akasema, "sasa tatizo ni dogo. Hatuna soda."

Na hapo ndipo nilipompenda Kinuthia pia. Hakulala na aibu yake. Alizunguka kila duka, hakuna. Akaja Auma akamwambia, akiwa anasukuma pipa, "Wewe si unapenda mandazi? Hao wa mandazi wanapata wapi yao?" Alikuwa anamtania tu. Lakini Madam, aliyekuwa akisafisha miwani, akainua kichwa. Soda ya kuoka. Ile nyeupe ya mabekari, safi ya kuliwa. Inafanya chumvi ileile. Kinuthia akaruka mpaka katikati ya mji, kwenye maduka ya jumla, akarudi na katoni zimemfunika uso.

Safari hii Madam alianza na tone la ile dawa ya fedha. Tukasimama wote tumezunguka glasi. Ilibaki safi, unaona vidole vya mtu upande wa pili.

Lakini sikilizeni, soda ya kuoka inatoa povu karibu mara mbili ya ile nyingine. Kikombe kilichokuwa kinatosha kwenye pambio sasa kilitaka kufurisha sufuria. Tukapunguza, nusu kikombe, tukatandaza pishi kwenye sufuria zote. Auma aliimba Alhamisi mpaka sauti ikakauka, Ijumaa akaimba Kinuthia, ambaye kwa kweli haimbi. Anapiga kelele za mbuzi aliyenaswa na waya. Auma akasema hata asidi inakimbilia kwenye soda kujificha. Madam mwenyewe alikoroga, mikono ya sweta imekunjwa, na alipochoka niliushika mwiko, hakuniachia. Ile picha ninayo mpaka leo, mama mwenye digrii zake, jasho linadondoka kwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anangoja pambio.

Jumamosi tulifika Upper Hill kabla ya askari wa lango kufungua. Tukayatoa yale maji, tukasuuza, tukasuuza tena, na kila mara Madam alichota glasi akatonesha tone lake, mpaka ikabaki safi. Mutiso alisimama pale mikono nyuma, hatusemeshi. Mchana akaenda, akarudi na chapati na maharagwe ya watu wote. Hapo nikajua.

Vibanzi vipya vilikaa ndani msimu mzima. Siku ya kuvitoa alituita wote, hata Auma. Akafungua, akavuta waya, akapangusa kibanzi kwa kitambaa, akampa Madam. Kilikuwa kinang'aa kama kilivyoingia, ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Auma akapiga kigelegele ndani ya chumba cha pampu mpaka askari akaja mbio kudhani kuna moto.

Tukapata jengo lile, na mengine. Mwenye godauni akaacha kuleta watu. Watoto wangu walisoma.

Sasa nyinyi mngedhani ile chupa mbaya ilitupwa. Nilitaka kuitupa mimi, nikaikuta Madam ameirudisha dirishani, mwisho wa mstari, mahali pake. Nikamwambia, "Madam, wateja wanapita hapo." Akasema ndiyo maana. Kila mteja mpya aliyeingia kwa miaka yote hiyo alionyeshwa misumari inayong'aa, na alipouliza kuhusu ule wa kahawia, Madam alimweleza yote: magadi, haraka, neno "pikeni". Wengine walitoka hawakurudi. Waliobaki hawakuondoka kamwe.

Siku niliyostaafu hakukuwa na hotuba. Madam sasa anatembea kwa mkongojo, lakini alikuja mwenyewe, akapita mbele ya dirisha akazikagua chupa zote kama zamani. Akaichukua ile ya mwisho akanipa. "Inayong'aa ni ya karakana," akasema. "Hii uliishika wewe wakati sisi tunabishana."

Sikujua bado anakumbuka.

Kwa hivyo, vijana, pimeni mnachokitaka, halafu pimeni na msichokitaka. Tieni asidi kwa wimbo. Chupa mbaya ikae mahali watu wanaiona. Zaidi ya hapo mashine zenu zitawaambia.

Na kwa kuwa kuna watu huuliza mtu wa darasa la tano amepata nini, nitaje. Nyumba ya mawe hapa Kabiria, ina stima na maji. Vyumba vya kupangisha uani, vina watu wote. Shamba kule magharibi, alikozikwa baba. Ng'ombe wa maziwa wawili, mmoja mkorofi. Fungu langu katika karakana, Madam aliliandika bila kuombwa. Pikapu ileile kuukuu, aliniuzia, na rejeta yake haijavuja. Suti nyeusi ya kanisa. Mikono yangu yote miwili, vidole vinakunjika. Chupa moja ya jemu juu ya kabati la sebuleni, na ndani yake msumari ulioshika kutu.